Barabara zikifungwa tena, nani atapima watoto utapiamlo?

vht_isingiro: Wadau, tunaandika mpango wa dharura wa parokia yetu (eneo la utawala, si la kanisa) hapa Isingiro, Uganda. Mwishoni mwa Machi 2020, kwa sababu ya corona, bodaboda zilikatazwa kubeba abiria, na mama wa mbali hakuwa na njia ya kufika kliniki. Ugonjwa ukizuka tena, tuwe tumeandaa nini kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano?

lishe_mbarara: Gaweni sasa, kabla ya kufungiwa, tepe za mkono: utepe wa rangi unaopima unene wa mkono wa mtoto kuonyesha utapiamlo. Mama anaweza kumpima mwanawe mwenyewe kuanzia miezi 6. Mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, ukining'inia umelegea. Kosa la kawaida ni kukaza utepe hadi ngozi ikunjamane. Hapo mtoto mwenye afya anasomeka mgonjwa. Ukilegea, mgonjwa anapita. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu (utapiamlo mkali), 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano (utapiamlo wa wastani).

Utepe hauoni uvimbe. Abonyeze miguu yote miwili kwa vidole gumba, sekunde 3. Shimo likibaki miguu yote, aende kituoni hata kama rangi ni kijani.

stoo_ya_dawa: Kupima bila chakula cha tiba (kile cha pakiti cha kutibu utapiamlo mkali) stoo ni kuhesabu wagonjwa tu. Mtoto wa kilo 7 anakula karibu pakiti 3 za gramu 92 kwa siku, yaani 42 kwa wiki mbili. Katoni ina pakiti 150, kwa hiyo inatosha watoto watatu hivi. Corona ilipoingia, sehemu nyingi ziliacha kugawa kila wiki, zikatoa za wiki mbili hadi nne kwa mkupuo. Inapunguza safari, ila nyumba yenye njaa pakiti zitagawanywa kwa ndugu zake, na mtoto hataongezeka uzito. Familia hiyo ipewe na chakula cha kawaida.

lishe_mbarara: Na hicho cha kawaida nacho kitazamwe. WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ilipunguza mgao wa wakimbizi wa hapa Uganda kwa asilimia 30 Aprili 2020. Posho (ugali) na maharage vinashibisha mkubwa; tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo. Uji uwe mzito, usichuruzike kijikoni, na utiwe unga wa mukene (dagaa) au binyebwa (karanga) visivyo na ukungu. Nusu kikombe, mara 2 hadi 3 kwa siku, juu ya maziwa ya mama. Mama mwenye corona aendelee kunyonyesha, avae barakoa na kunawa mikono.

vht_isingiro: Asanteni. Na vidonge vya damu, vile vya madini ya chuma?

stoo_ya_dawa: Mpe mjamzito vya miezi miwili au mitatu badala ya mmoja. Asivimeze na chai. Avifungie juu kabisa: mtoto mdogo akivibugia, madini ya chuma yanaweza kumuua.