Naomba ushauri: nianze na udiwani au niwanie Bunge la jimbo?

Ndugu zangu, ninaishi Lewiston, katika jimbo la Maine nchini Marekani, na kwa kuwa nilipata uraia mwaka 2019, sharti la kuwa raia kwa miaka 5 kabla ya kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo nimekwisha kulitimiza. Wazee wetu wa Kikongo wananihimiza niwanie kimojawapo cha viti 151 vya baraza hilo, wakisema fedha si kikwazo, kwani mgombea akikusanya michango 60 ya dola 5 kutoka kwa wapiga kura waliojiandikisha katika eneo lake, anaweza kugharimiwa kampeni na mfuko wa umma. Mimi moyo wangu uko kwenye udiwani kwanza, kama alivyofanya Deqa Dhalac, aliyechaguliwa diwani wa mji wa South Portland, hukuhuku Maine, mwaka 2018, akawa meya, kisha akaingia bungeni kwa uchaguzi wa 2022. Kero inayonikereketa zaidi, ile rangi yenye madini ya risasi katika nyumba kuukuu za kupanga, naiona ikishughulikiwa mjini kabla ya kufika makao makuu ya jimbo. Hata hivyo, wengi wanaonishangilia kanisani bado si raia, na shangwe haihesabiwi kituoni. Je, mliowahi kugombea ugenini, mlianzia wapi, na mliwafikiaje majirani msiozungumza nao lugha moja?