Babu akifunga safari kuja kuwaona: tupeane uzoefu wa wazee wetu wa Dodoma na kanda ya kati

Mjukuu wa Mvumi

Wakuu, shikamooni waliotangulia, wenzangu habari zenu, na ndugu zangu wa Dodoma mbukwenyi.

Wiki tatu zilizopita nimemsindikiza babu yangu Dar na tangu nirudi moyo haujatulia, nataka tuwaongelee hawa wazee. Babu mzaa baba ana miaka 80 na ushee, anaishi kijijini mbele ya Mvumi. Watoto wake saba wametawanyika, na kwa miaka yote niliyomfahamu, uwele ukishavunwa na kuingia ghalani anafunga safari. Mwaka huu kwa huyu, mwakani kwa yule. Zamu anaijua mwenyewe kichwani, hakuna aliyewahi kumkumbusha wala mtoto aliyewahi kurukwa, hata yule baba mdogo ambaye kwa miaka mingi hakuwa akipokea simu za mtu.

Safari hii ilikuwa zamu ya shangazi, Mbagala. Tukapanda treni ya umeme, mara yake ya kwanza. Ile ya zamani aliizoea kwa usiku: unapanda Dodoma, unalala umekumbatia mzigo wako, unaamka watu wanakunywa chai dirishani. Njia yote alikuwa anazitafuta stesheni zake. "Kikombo hii?" Tumeshapita babu. "Msagali?" Tumeshapita. Tulipokaribia Gulwe akasimama kabisa, ameshika kiti cha mbele, na tukapita. Akakaa. Baadaye sana ndipo akaniambia kwamba mwaka mmoja Mto Mkondoa ulikula reli, wakalala pale siku mbili, na kuna mama wa pale aliwapikia uji abiria wasio na chochote bila kudai senti. "Kila nikipita nilikuwa nampungia mkono hata kama simwoni. Leo sikuwahi."

Saa nne hazijaisha tuko Dar. Mimi nilifurahi. Yeye akasema mtu akifika haraka namna hii anafika na maneno ya nyumbani bado mabichi mdomoni, hajapata muda wa kufikiria atasema nini.

Sasa habari ya jogoo. Alitaka kumbeba jogoo mzima, kama alivyobeba miaka yote. Nikamwomba tumchinje tumweke kwenye barafu tusije tukasumbuana huko mbele. Alikubali, lakini niliona nimemuumiza. Tuliposhuka Dar, kabla hata ya kutafuta usafiri wa Mbagala, akasema: "Nipeleke wanapouza kuku." Nikamwambia kuku tunaye kwenye ndoo. Akanijibu taratibu, "Huyo wa kwenye ndoo ni kitoweo. Mimi natafuta salamu." Tukanunua jogoo kwa bei ya Dar, akamkumbatia kwenye gari mpaka mlangoni kwa shangazi, akamkabidhi akiwa hai, anapiga mbawa. Shangazi ana miaka 50 na zaidi, alilia kama mtoto.

Alikaa siku nne. Mnajua msemo wa mgeni na jembe, sasa pale Mbagala hakuna pa kulima, kwa hiyo siku ya tatu alinoa visu vyote vya nyumba ile, akakaza kamba ya kuanikia nguo, akatengeneza mguu wa stuli uliokuwa umevunjika tangu sijui lini. Usiku anawaita wajukuu mmoja mmoja, anawauliza jina la babu wa babu yao. Asiyejua anafundishwa, kesho anaulizwa tena.

Wenzangu, babu yako alikuwa anakujaje? Alibeba nini? Au ni ninyi mliokuwa mkimfuata? Nina sababu ya kuuliza, nitaisema mbele.

Wa Kintinku

Umenigusa mkuu. Babu yangu alikuwa mtu wa genge, wale wanaotengeneza reli. Maisha yake yote yalikuwa kati ya Bahi na Itigi na nyundo begani. Alipenda kutuambia kwamba reli iliingia Dodoma mwaka 1910 na Kigoma 1914, na anaitaja utadhani alikuwepo, kumbe hiyo ni kazi ya kizazi cha babu zake.

Sisi tulikuwa Tabora kwa baba. Simu hakuna, barua ikitumwa inafika yeye ameshakuja na kuondoka. Tulikuwa tunajuaje amefika? Kwa harufu. Treni ikisimama Saranda kila mtu ananunua kuku wa kuchoma, na babu alikuwa ananunua mmoja, anamfunga kwenye gazeti, halafu kwenye kitambaa, halafu ndani ya koti. Hamli njiani hata kipande. Anasafiri usiku na njaa yake ili kuku afike mzima. Mlango ukifunguliwa alfajiri, kabla hujaona mtu unasikia kuku wa Saranda, tunaruka kitandani wote sita.

Yeye alikuwa anachukua shingo tu. Nikiwa mdogo niliamini kabisa kwamba babu anapenda shingo.

Tulipomzika, usiku wa matanga, wajukuu tulikaa pembeni tukawa tunahesabu nani alipata kumla kuku yule na nani alizaliwa amechelewa. Wadogo zetu wawili wa mwisho hawakuwahi, na walihuzunika kweli, ikabidi kaka mkubwa awaahidi kuwapeleka. Ametimiza, aliwapandisha treni mpaka Saranda kwa ajili ya hilo tu.

Binti Irangi

Mimi wangu ni babu mzaa mama, wa Kondoa upande wa Kolo, huko kwenye michoro ya mapangoni.

Nilijifungua mtoto wa kwanza hapa Dodoma mjini wakati barabara ya Kondoa bado ni vumbi. Kilomita kama 160 tu, lakini masika basi likinasa, limenasa, abiria mnashuka mnasukuma. Babu alisikia habari ya mtoto msikitini baada ya sala ya alasiri, kesho yake alfajiri akawa kituoni. Alifika kwangu giza limeingia, kanzu nyeupe imekuwa nyekundu kwa udongo wa kwetu, viatu kavishika mkononi.

Hakuingia chumbani. Kwetu mzee mwanaume haingii kwa mzazi hivi hivi, na tena ile ni nyumba ya mume wangu, ni ukweni. Alitandikiwa mkeka barazani. Mtoto akapelekwa, akamwadhinia sikioni, akamshika kidogo, akamrudisha. Chakula alikula, kulala akakataa katakata, akaenda kulala kwa mtu wa Kondoa aliyemfahamu, mtaa wa pili. Asubuhi akapita kuaga, akarudi. Siku nzima ya matope kwa ajili ya robo saa ya kumshika mtoto.

Nilikuwa na uchungu naye wakati ule, nilitaka akae. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba ile robo saa ndiyo aliyoruhusiwa na heshima yake, na aliifuata.

Sasa hivi kuna lami mpaka Babati. Ukiondoka Dodoma asubuhi, chai ya saa nne unakunywa Kondoa. Lakini babu hawezi tena kupanda ngazi za basi. Barabara imekuja, miguu imeondoka. Kwa hiyo siku hizi naenda mimi, kila baada ya miezi miwili, na yule mtoto aliyeadhiniwa ndiye anayembebea maji ya kutawadha.

Wa Mahame

Wa kwangu hakuwa mtu wa mijini. Safari yake kubwa kila mwaka ilikuwa ya miguu, kwenda mahame.

Kwa wasiojua: mwaka 1970 na 1971 kulikuwa na Operesheni Dodoma, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Kabla ya hapo kila ukoo ulikuwa na tembe zake mbali mbali, nyumba zile za paa bapa la udongo, ng'ombe wanalala uani katikati. Wakahama, tembe zikabomoka, zikabaki mahame. Makaburi ya wazazi wa babu yalibaki huko.

Basi kabla ya mvua za Desemba babu anatukusanya, tunatoka usiku wa manane kukwepa jua, tunafika kunakucha. Hakuna kitu pale mtu mgeni angeona. Kuna mbuyu, mawe matatu ya jiko, na mwinuko wa udongo mahali ukuta ulipoangukia. Babu anaingia kupitia mahali mlango ulipokuwa. Ukikatiza ukutani anakuita urudi uzunguke. Anasalimia, "mbukwenyi", kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliyemkuta mwenzake anakoga jua, kisha anawataja: huyu wa darasa la tano anafaulu, huyu mama yake anaumwa mgongo, yule hakuja ana shughuli mjini. Sisi ndio tulikuwa mzigo wake wa kupeleka.

Alifariki 2017. Tunaenda bado, ila tunaenda na pikipiki.

Kimya Kingi

Wangu hakuwahi kuja. Baba yangu na baba yake waligombana kwa sababu ya ng'ombe wa mahari kabla sijazaliwa, na mimi nimekulia Singida nikiambiwa babu wa Kibakwe ni mtu mgumu. 2019 nilipata kazi ya muda Mpwapwa, nikajikaza, nikaenda. Nilimkuta ananyoa mpini wa jembe. Nikajitambulisha. Akaingia ndani, akatoka na kigoda kidogo, akakipangusa, akaniambia: "Hiki nilikichonga uliposemekana umezaliwa."

Nilimuuliza kwa nini hakuja. Akasema, "Sikuitwa." Basi. Miaka 31 alikuwa akingoja kuitwa.

Nilimpigia baba simu pale pale nikampa. Sitaandika walichozungumza.

Nesi wa Wodi

Poleni na hongereni wote, nimesoma nikifuta macho. Kimya Kingi, Mungu akubariki kwa kupiga ile simu.

Naomba niongeze la kazini, maana wazee nawapokea wakiwa wametoka safarini hoi na sababu zinazuilika. Kubwa kuliko zote: mzee hanywi maji njiani. Anaona aibu kuomba gari lisimame, kwa hiyo anajinyima tangu jana yake. Akishuka ana kizunguzungu, anaanguka. Usimuulize kama anataka kujisaidia, atakwambia hapana. Shuka wewe kwanza, sema "babu twende wote". Na maji mpe kidogo kidogo.

Dawa za presha na sukari zikae mfuko wa koti lake, zisiende kwenye buti la basi. Miguu itavimba kama amekaa saa nyingi, kwa hiyo asimame na kutembea kila inapowezekana. Hapo treni ina nafuu kubwa kuliko basi. Ya umeme wanataka kitambulisho, na jina kwenye tiketi lilingane nalo, msije mkaandika jina la utani la kijijini. Daraja la kawaida Dodoma hadi Dar nililipa 31,000. Na kikaratasi chenye namba za simu za watu wawili kiwe mfukoni mwake, kwa sababu simu huisha chaji.

Mjukuu wa Mvumi

Ahsanteni sana, na dada Nesi nimeyaandika yote kwenye daftari.

Sababu yangu ni hii. Tukiwa tunarudi kutoka Dar, babu alinyamaza mpaka tulipoyapita mahandaki ya Kilosa, halafu akasema watoto wote amewamaliza, zamu imebaki ya mtu mmoja. Ana dada yake, ndiye aliyebaki katika tumbo lao. Aliolewa na mtu wa reli, wakahamia Kigoma. Mara ya mwisho kuonana ni 1994, kwenye msiba wa mama yao. Wanaongea kwa simu ya mjukuu wa huko, lakini bibi sasa hasikii vizuri, babu anapiga kelele upande huu na yule mtoto anarudia maneno upande ule.

Anataka kwenda. Kwa treni ya zamani, mchana na usiku.

Nyumbani tumegawanyika. Baba anasema tuandae gari dogo twende polepole, tulale Tabora. Shangazi hataki kabisa, anasema akifia njiani tutamjibu nini Mungu. Baba mdogo, yule wa kutopokea simu, ndiye amejitolea kulipa tiketi zote na kwenda naye. Mimi nilikuwa upande wa shangazi mpaka niliposoma ya Wa Kintinku na ya Binti Irangi. Jana nimempigia shangazi, nikamsomea hiyo ya robo saa. Alikaa kimya, akauliza Kigoma kuna baridi wakati huu, amtumie sweta.

Babu hajaambiwa kama tumekubaliana. Ila leo asubuhi mdogo wangu amepita kijijini, anasema kuna jogoo mweupe ametengwa peke yake kwenye tenga, amefungwa kitambaa chekundu mguuni, na watoto wamekatazwa kumgusa.

Wa Kintinku, ukiwa bado upo: hiyo treni siku hizi inapita Saranda saa ngapi?