Draiva ya kihisi cha joto inasoma 255500 usiku wa baridi: kosa liko wapi, na nitaipelekaje kwenye kerneli ya Linux?

viazi_makete:
Wakuu, salaam. Kuna Raspberry Pi inarekodi joto kwenye shamba la viazi huku Makete, upande wa Kitulo. Chipu ya joto imeungwa kwa I2C (njia ya nyaya mbili ya kuwasiliana na chipu), anwani 0x48, biti 12, hatua moja ni nyuzi 0.0625. Draiva nimeandika mwenyewe, na mchana inasoma sawasawa. Baridi ya Juni ikishuka chini ya sifuri, faili la kusomea joto, `temp1_input`, linatoa 255500. Kosa ni nini? Halafu nataka draiva hii iingie kwenye kerneli rasmi (kiini cha Linux), wengine wasihangaike. Utaratibu ukoje?

fundi_uyole:
Mkuu, piga hesabu kinyumenyume: 255500 ukigawa kwa 62.5 unapata 4088, yaani 0xFF8. Kwa biti 12 zenye alama, hiyo ni -8, na hatua -8 ni nyuzi -0.5. Chipu imesema kweli, draiva ndiyo imesahau alama ya kutoa.

Rejista ya joto (kihifadhi namba ndani ya chipu) inaleta 0xFF80 kwa sababu thamani imesukumwa kushoto biti 4. Andika hivi:

`*val = sign_extend32(reg >> 4, 11) * 125 / 2;`

Utapata -500, na ndivyo hwmon (sehemu ya kerneli inayoshughulikia vihisi) inavyotaka: joto kwa sehemu za elfu za nyuzi, namba nzima. Usiweke desimali, ndani ya kerneli hazitumiki.

Angalia na mpangilio wa baiti. Chipu za aina hii hutanguliza baiti ya juu, wakati SMBus (kanuni za mawasiliano zinazotumika juu ya I2C) inategemea ya chini kwanza. Ukiona `i2cget -y 1 0x48 0 w` inakupa 0x80ff, zimegeuka; kwenye draiva tumia `i2c_smbus_read_word_swapped`. (Toa draiva kwanza, la sivyo i2cget itakataa kwamba anwani inatumika.)

Huna haja ya kungoja usiku ili ujaribu. Funga chipu isiingie maji, izike kwenye barafu iliyosagwa na kuchanganywa na chumvi. Inashuka chini ya sifuri upesi.

mwanagenzi_iringa:
Kabla ya kutuma chochote, ndugu: una uhakika draiva mpya inahitajika? 0x48, biti 12, 0.0625, hiyo inafanana mno na ukoo wa LM75, chipu za joto ambazo kerneli tayari ina draiva yake, `lm75`. Fungua datashiti (maelezo ya mtengenezaji wa chipu) ulinganishe rejista: 0 joto, 1 mpangilio, 2 na 3 mipaka. Zikilingana hadi biti za mpangilio, toa moduli yako (draiva uliyoandika) ujaribu kwa jina la tmp75, mojawapo ya chipu za ukoo huo:

`echo tmp75 0x48 | sudo tee /sys/bus/i2c/devices/i2c-1/new_device`

Usiruke hatua ya datashiti, kwa sababu `lm75` huandika kwenye rejista ya mpangilio inapoanza.

Ikisoma vizuri, kazi yako ni mistari michache ndani ya `drivers/hwmon/lm75.c`, pamoja na `lm75.rst` (hati ya draiva) na `lm75.yaml` (maelezo ya chipu zinazokubaliwa). Draiva mpya inayorudia iliyopo itarudishwa, na ni haki: kila faili linaloingia mtu atalitunza kwa miaka.

Ikiwa kweli ni tofauti, sajili kwa `devm_hwmon_device_register_with_info`, usijitengenezee faili za sysfs (zile za chini ya /sys). Jina lisiwe na kistari wala nafasi. Mipaka anayoandika mtumiaji ipitishe kwenye `clamp_val` (hubana namba isizidi kiwango) kabla ya kuzidisha. Ukizidisha kwanza, namba kubwa inafurika na mpaka unageuka upande wa pili.

viazi_makete:
Asante sana wakuu. Rejista zinalingana zote, na kwa jina la tmp75 imesoma -500 kwenye barafu. Kutuma sasa?

mwanagenzi_iringa:
Safi. Bando likiwa dogo, `git clone --depth 1` ya msimbo wa kerneli inatosha. Historia nzima ni GB kadhaa.

Gawa mabadiliko yako viraka viwili (kiraka ni faili la mabadiliko ya msimbo): cha `lm75.yaml` kitangulie, cha draiva kifuate. Vyote viwe na `Signed-off-by` (mstari wa kuthibitisha una haki ya kuutuma msimbo) kwa jina lako. Pitisha `scripts/checkpatch.pl --strict`, kisha `scripts/get_maintainer.pl` itakutajia wa kuwatumia. Tuma kwa `git send-email`. Usibandike kiraka kwenye imeli ya kivinjari: tabo hugeuka nafasi, na kiraka kilichoharibika hivyo hakiingii.

Kwenye maelezo taja chipu, na useme umeijaribu juu na chini ya sifuri. Wakikuuliza, jibu chini ya swali lenyewe ndani ya imeli yao. Ukirekebisha, `git format-patch -v2`, na yaliyobadilika uyaandike chini ya mstari wa `---`.

fundi_uyole:
Nyongeza: toleo jipya la kerneli likitoka, wiki mbili zinazofuata ni za kuunganisha vilivyokwisha kupitiwa. Ukituma wakati huo, kimya kisikutishe. Subiri hadi -rc1 (toleo la kwanza la majaribio) itoke ndipo ukumbushe.