Kuelea wakati wa kamba, kisha huzuni

MamaJerseyCity: Jamani, mimi na mume wangu tumevuka arobaini, tunafungana kamba kimapenzi, kwa makubaliano. Katikati najihisi naelea, maneno sipati, hata maumivu hupungua. Raha tupu. Ila siku ya pili, niko kazini, machozi yananilenga bila sababu. Ni kawaida? Na wenzetu wa mambo haya huku tunawapata wapi?

Fundo: Ni kawaida, dada. Adrenalini na endofini hupanda kisha hushuka, na huko kushuka kunaweza kuchelewa hata siku mbili. Blanketi, maji, kitu kitamu, na mumeo akupigie simu kesho yake. Lakini nakusihi: ukiwa unaelea usikubali jambo jipya, maana hapo huwezi kupima. Mbaki na mliyopanga kabla. Na kwa kuwa maneno yanakupotea, shika funguo mkononi. Ukiziangusha, anasimamisha kila kitu. Mkasi wa kukatia kamba uwe karibu.

Bi Harlem: Ng'ambo ya mto, New York, kuna TES (The Eulenspiegel Society), chama cha watu wa mambo haya tangu 1971, wana mafunzo. Anzeni na vikao vya mgahawani: nguo za kawaida, kula na kuongea tu. Majina kamili msitoe. Anayewaharakisha, mkimbieni.

MamaJerseyCity: Asanteni sana. La funguo namwambia leo leo.