Ushauri: nitaliagaje kanisa bila kugombana na mtu? (Malindi)

Upepo_wa_Kusi (Jumatano, saa 2:10 usiku)
Hamjambo wana jukwaa. Niko Malindi, upande wa Muyeye. Kanisa letu dogo, tuko kama themanini, na kwa kweli limenishika mkono tangu mume aende Doha kikazi. Lakini siku hizi nahisi nabanwa. Ukitaka kwenda Mombasa kushinda na kurudi, sharti uombe ruhusa kwa pasta. Ijumaa kuna toba mbele ya wazee, na unayoyasema yanaandikwa kwenye daftari. Sasa tumo kwenye mfungo wa siku 21 na simu zetu tumezikabidhi, zimefungiwa ofisini kwake mpaka uishe. Kuna na nadhiri niliweka ya kile kishamba cha Kakuyuni, ila hilo si tatizo. Nataka kutoka kwa amani, nisilaaniwe, nisisemwe. Niandike barua au nimwendee ana kwa ana? Tafadhali msinitukanie mtumishi.

Tetere
Kumbe kupita Mtwapa kwenda Mombasa siku hizi ni kwa viza.

Sinodi77
Dada, kabla ya barua jibu swali moja: nani anaweza kumsimamisha kazi pasta wenu? Kanisa kali si lazima liwe kanisa baya. Kuna makanisa hayaruhusu hereni wala muziki, lakini padri au mchungaji ana askofu juu yake, kuna sinodi (baraza la kanisa), kuna mweka hazina ambaye si mkewe, na sadaka inasomwa mbele ya watu. Ukali wake una mpaka, na mpaka huo unamfunga yeye pia. Penye udhibiti sheria zinashuka tu, hazipandi. Tazama namba ya M-Pesa mnayotumia kutuma mbegu, yaani sadaka: likitokea jina la mtu badala ya jina la kanisa, umeshajua hesabu iko mfukoni mwa nani.

Na hilo daftari ndilo baya kuliko ruhusa ya Mombasa. Toba ikiandikwa inageuka dhamana. Siku ukitaka kuondoka hawatajadili kuondoka kwako, watafungua ukurasa.

Kama bado una shaka, kataa jambo moja dogo. Usiende ibada moja ya katikati ya wiki na usitoe sababu. Wakija kuuliza, sikiliza: wanauliza kama unaumwa, au wanauliza uko upande wa nani?

Mwana_Amu
Mimi Mwislamu wa Amu (Lamu), hayo ya upako siyajui. Ila hata kwetu, anayekuandikia kombe, yale maandishi ya kunywa kama dawa, akakwambia usimuulize mwalimu mwingine, huyo umkimbie na viatu mkononi.

Karani_wa_Ardhi
Naona wote mmeruka shamba. Dada, hati umeitoa au bado? Maana hati kukaa kwa pasta hakuhamishi ardhi. Lazima utie sahihi fomu ya uhamisho mbele ya wakili, utoe nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) na picha, ushuru wa stempu ulipwe. Na kama Kakuyuni yenyewe ni ardhi ya kilimo, Bodi ya Udhibiti wa Ardhi lazima itoe kibali, hata ikiwa ni zawadi. Bila kibali shughuli yote ni batili. Tena Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inachukulia kwamba kilichonunuliwa ndani ya ndoa kikaandikwa jina la mmoja, huyo anakishika kwa niaba ya mwenzake pia. Kwa hiyo mumeo anaweza kumwandikia msajili wa ardhi aweke zuio, hata akiwa huko huko Doha, kupitia wakili.

Uingereza kuna kesi ya 1887, Allcard dhidi ya Skinner. Mwanamke aliingia nyumba ya watawa akatoa mali yake. Nyumba ile ilikuwa na kanuni: mtawa asitafute ushauri wa mtu wa nje bila idhini ya mkuu. Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni hiyo ndiyo inayotia doa zawadi yenyewe, kwa sababu mtoaji hakuwa na pa kuuliza. Lakini alishindwa. Alitoka 1879, akashtaki 1885, wakamwambia umechelewa mno. Kwa hiyo kama umeshatia sahihi popote, usikae.

Upepo_wa_Kusi
Sijatia sahihi. Hati iliombewa tu, iko pale madhabahuni. Nauliza kuhusu barua.

NesiWaZamu
Mama, barua iweke kando kidogo. Huo mfungo wa siku 21 unafungwa na nani? Watoto wamo?

Upepo_wa_Kusi
Ni wa familia nzima. Watoto wanafunga mpaka saa sita tu, si vibaya.

Tetere
Hapo sasa. Mimi nina shangazi yangu Watamu, alikuwa na pasta mmoja ambaye

NesiWaZamu
Tetere, huo ufungulie uzi wake. Mama, nakuuliza tena na usinijibu juu juu. Pale madhabahuni kuna hati. Kuna kitu kingine cha nyumbani kwako?

Upepo_wa_Kusi (saa 3:25 usiku)
Dawa za kijana wangu. Ana miaka tisa, ana kifafa, anameza fenobabitoni vidonge viwili usiku. Tuliziweka Jumapili pamoja na kadi ya kliniki. Lakini sikulazimishwa, nilizipeleka kwa miguu yangu. Na tangu siku hiyo hajaanguka hata mara moja. Pasta alitusomea Mathayo 17, yule mtoto aliyekuwa na kifafa, kwamba namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga. Siwezi kusema ni uongo wakati naona kwa macho yangu.

NesiWaZamu
Ahsante kwa kusema. Sasa nisikilize.

Fenobabitoni inatoka mwilini polepole. Kwa mtoto, nusu yake huchukua takriban siku mbili hadi tatu kuondoka. Dawa aliyomeza Jumamosi bado inamlinda Jumatatu, na Jumanne kidogo. Kwa hiyo hizo siku unazohesabu kuwa za muujiza ni za dawa ile ile iliyoko madhabahuni. Hatari inaanza dawa inapokaribia kwisha kwenye damu, kwa sababu ubongo uliozoea kutulizwa umeachwa ghafla. Hapo mtoto anaweza kuanguka mfululizo, la kwanza halijaisha la pili limeingia, na hilo linaua. Njaa ya asubuhi na kukosa usingizi vinaongeza uwezekano. Anakesha nanyi?

Upepo_wa_Kusi
Analala kwenye mkeka pale pale kanisani.

NesiWaZamu
Basi leo asiende. Mpe chakula, alale kitandani kwake.

Akianguka: mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, ondoa vitu vigumu karibu yake. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu. Tazama saa. Ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla fahamu hazijamrudia, ni hospitali papo hapo, hata kama ni saa tisa za usiku.

Na usihangaike kwenda kuiomba ile chupa. Hospitali ya Malindi ina dawa, na jina lake limo kwenye rejista hata kadi isipokuwepo. Idara ya dharura haifungwi usiku. Ukishindwa leo, saa mbili asubuhi uwe kliniki.

Sinodi77
Kwa Mathayo 17: soma upya nani aliambiwa afunge. Wanafunzi, walioshindwa kumponya. Mtoto hakuambiwa kitu, wala baba yake. Tena huo mstari wa 21 haumo katika nakala kongwe za Kigiriki. Tafsiri nyingi huutia mabano au huushusha chini ya ukurasa. Hezekia aliahidiwa kupona na Mungu mwenyewe, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu. Na wakikupiga na Zaburi 105, "Msiwaguse masihi wangu", ile inawaonya wafalme wasiwadhuru wazee wa Israeli waliokuwa wageni nchini. Haimlindi mchungaji asiulizwe. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso, iko Wagalatia 2.

Bwana_Msimamo
Naomba nitofautiane. Mwanamke mumewe yuko nje, anaweka nadhiri ya shamba, anakesha usiku. Mume mwenyewe anajua? Tatizo linaanzia nyumbani.

Karani_wa_Ardhi
Shamba nimeshalieleza.

Jasusi_Mstaafu (saa 4:02 usiku)
Simameni hapo. Simu zote zimefungiwa ofisini kwa pasta. Huyu anaandikia nini, kibao cha mbao? Akaunti imefunguliwa leo magharibi. Mume Doha, mtoto mgonjwa, hati madhabahuni, Malindi. Kila kitu kimekaa mahali pake kama mchezo wa redio. Tangu Shakahola 2023, wale waumini waliofunga hadi kufa, watu wanatunga hizi ili wapate wasomaji.

Tetere
Hata mimi nilishangaa hizo siku 21. Mwandishi wa habari huyo, anatafuta stori.

Mwana_Amu
Au ni mzee wa kanisa mwenyewe, atafuta nani ana mdomo. Dada, mbona umenyamaza?

Bwana_Msimamo
Tumeliwa.

Jasusi_Mstaafu
Ataje jina la kanisa tuhakikishe. Kama ni kweli ataogopa nini?

Sinodi77
Asitaje. Watu themanini, nani hatamjua? Dada, kama unasoma, hariri bandiko la kwanza sasa hivi: ondoa mtaa, ondoa Doha, ondoa idadi ya waumini. Na Jasusi, pale Shakahola miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na wengi walikuwa watoto. Ukikosea kwa kumwamini mtu umepoteza jioni moja.

Jasusi_Mstaafu
Sijasema asisaidiwe. Nimeuliza simu.

Upepo_wa_Kusi (saa 4:51 usiku)
Nilikuwa namlisha. Simu hii ni ya duka la M-Pesa ninalouza, kila jioni narudi nayo na daftari la floti. Hawakuiomba kwa sababu si yangu. Ndugu Jasusi, sikulaumu.

Nimesoma yote. Ila nafikiri nimalize kwanza mfungo, zimebaki siku tisa, halafu nirudishe dawa. Nikikatiza katikati watasema mimi ndiye niliyezuia uponyaji wake, na akianguka baadaye itakuwa juu yangu.

NesiWaZamu
Hizo siku tisa hana. Tayari zimepita nne bila kidonge.

Sinodi77
Tazama hiyo hesabu ilivyopangwa, dada. Asipoanguka sifa ni za pasta, akianguka lawama ni zako. Hakuna upande ambao yeye analipa kitu.

Kuhusu kutoka, kwa kuwa ndilo uliloulizia: usiandike barua na usiombe kikao cha kuaga, kikao hicho huwa ni toba nyingine yenye mashahidi. Badilisha namba ya siri ya M-Pesa. Kusanya kwanza kila karatasi halisi, vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho, hati, kadi. Hati wakikataa kuirudisha, mwandikie pasta kupitia wakili wala usiende kuidai peke yako. Kundi la WhatsApp utoke mwisho kabisa, kwa sababu ukijiondoa wasimamizi wa kundi wanaarifiwa saa hiyo hiyo. Na mwambie mumeo kabla hajaambiwa na wao.

NesiWaZamu
Kuna namba 116, ya bure, ni ya watoto. Wakija mlangoni kumchukua kijana, piga hiyo. Katiba kifungu cha 53 inampa matibabu na chakula yeye mwenyewe kama mtoto, nadhiri yako haiwezi kuyatoa.

Mwana_Amu
Na chai umpe na mkate wa mofa. Njaa mbaya.

Upepo_wa_Kusi (Alhamisi, saa 2:40 asubuhi)
Niko foleni ya kliniki. Amelala vizuri. Jina wamelipata kwenye rejista. Wananiuliza kwa nini dawa ziliisha kabla ya tarehe.

NesiWaZamu
Waambie hajameza tangu Jumapili. Wanahitaji hizo siku wajue waanzie wapi.

Upepo_wa_Kusi
Nimesema zilipotea kwenye matatu.

NesiWaZamu
Rudi dirishani, mama. Usimtaje mtu kama hutaki. Taja siku.