Naomba ushauri: nafunga injini ya 1NZ mwenyewe, cheni inanitia wasiwasi

Wakuu habari zenu. Gari yangu Toyota IST, injini 1NZ-FE, ilichemsha mpaka gasketi ya silinda hedi ikaungua. Maji yakachanganyika na oili, dipstiki ukichomoa unakuta kitu kama chai ya maziwa. Hedi imeshapigwa plena (uso wake umesawazishwa), ringi za pistoni na beringi ni mpya. Naifunga mwenyewe hapa nyumbani chini ya mwembe, maana fundi wa kwanza aliniachia nati tano kwenye kopo akasema "hizo hazina kazi".

Chini nimemaliza, krenki inazunguka vizuri kwa mkono. Bolti za hedi nitakaza 29 Nm kuanzia katikati kwenda nje, kisha robo mzunguko, kisha robo tena. Za zamani kwa macho ni nzima. Nizirudishie au ninunue mpya?

Kinachoninyima usingizi ni taiming cheni, ile inayounganisha krenki na kamshafti (shafti za juu zinazofungua valvu). Nilipofunga, alama zote zilikaa sawa. Nikazungusha krenki mizunguko miwili kamili: alama za krenki na kamshafti zimerudi mahali pake, lakini zile pingili za rangi kwenye cheni zimehamia kwingine kabisa. Ni kawaida, au cheni imeruka jino? Naogopa kupiga stata kwa kubahatisha, injini hii cheni ikikosewa valvu zinakutana na pistoni.

Halafu kabla ya kuwasha, nitoe plagi kwanza niizungushe kwa stata mpaka oili ipande juu, au inatosha kumimina tu?