Kidato cha tano Njombe, anatokea Dar: nguo za baridi, tranka na nyimbo za njiani

MzaziMbagala

Habari za humu wakuu. Kijana wangu kapangiwa kidato cha tano shule ya bweni Njombe, tahasusi ya PCB, anaripoti mwanzoni mwa Julai. Baridi anayoijua ni ya kipupwe cha Dar, ile ya kuzima feni tu. Fomu ya kujiunga imeandika "sweta na nguo za baridi" ikaishia hapo.

Naomba wenye uzoefu wa huko wanisaidie. Nguo gani hasa, na ngapi? Mvua je, ninunue koti la mvua sasa hivi? Tranka linapangwaje lisifike limevurugika? La mwisho msinicheke: dogo hawezi safari bila muziki. Simu haruhusiwi shuleni, ila kaka yake anamsindikiza na simu yake, na nyumbani kuna redio ndogo ya kuchomeka flashi na kadi. Nimemjazia nyimbo kwenye kadi ya GB 64, redio inaandika "NO" halafu inanyamaza. Tatizo nini?

Nyanda_za_Juu

Karibu mkuu. Julai ndiyo mwezi mbaya kuliko yote kwa mtu wa pwani kufika Njombe mara ya kwanza. Wa kidato cha kwanza wanaripoti Januari, wakati wa mvua, baridi imepungua makali. Wa kidato cha tano wanashushwa katikati ya kipupwe.

Kisia hivi: kila ukipanda mita 100, joto linapungua kama nusu nyuzi na ushee. Dar iko usawa wa bahari, Njombe mjini iko karibu mita 2,000. Toa nyuzi 12 kwenye joto la Dar la usiku wa Julai, utaona kwa nini watu wanalala na kofia. Usiku kushuka chini ya nyuzi 10 ni jambo la kawaida. Kama shule iko upande wa Makete ongeza tahadhari, huko hadi sakitu inaanguka, majani yanaamka meupe.

Nguo sasa. Kosa la wengi ni kununua jaketi moja zito la bei kubwa na kuona kazi imekwisha. Darasani jaketi la rangi tofauti na ya shule litavuliwa getini. Kinachomkinga ni tabaka: fulana ya mikono mirefu inayobana mwili, juu yake shati la shule, juu yake sweta. Hewa inayobaki katikati ya tabaka ndiyo inayotunza joto. Nunua fulana hizo tatu, nyeupe, zisizotokeza kwenye kola. Tatu kwa sababu asubuhi kuna mchakamchaka, na fulana ya pamba ikilowa jasho inageuka barafu mwilini. Abadilishe akirudi, asikae nayo darasani mpaka saa nne.

Mashati matatu, suruali tatu, hata kama fomu imesema mbili mbili. Asubuhi kuna ukungu, nguo iliyofuliwa Jumamosi inaweza kufika Jumatatu bado mbichi kiunoni na kwenye mifuko. Sweta mbili, kwa sababu hiyo hiyo. Sweta usibahatishe rangi mtaani, bluu bahari na bluu nzito kwa mwalimu wa zamu ni vitu viwili tofauti.

Soksi jozi sita, mbili kati yake ziwe za sufu za kulalia tu. Mzula mmoja, glavu jozi moja ya bei ndogo kwa ajili ya prepo ya alfajiri, maana vidole vikifa ganzi kalamu haishikiki. Trakisuti ya kulalia.

Kuhusu mvua: huko si kama Dar yenye vuli na masika. Ni msimu mmoja, unaanza Novemba kuelekea mwishoni na kwenda hadi Aprili. Kwa Julai koti la mvua litakaa chini ya tranka bure. Litafute pamoja na mabuti ya mpira akirudi likizo ya Desemba, maana Januari anaingia kwenye tope lenyewe.

mama_wa_bweni

Nyanda kasema vizuri ila kasahau kitanda, na usiku ndiko watoto wanakoumia. Baridi ya bwenini inatoka chini. Godoro la futi 2.5 kwa 6, inchi 4, likiwekwa juu ya wavu wa chuma, hewa inapita humo humo. Akifika tu atandike boksi kubwa lililokunjuliwa kati ya wavu na godoro. Halafu blanketi mbili, si tatu juu: moja nyepesi itandikwe juu ya godoro, chini ya shuka, nyingine nzito ya kujifunika. Watu wanajirundikia blanketi juu huku mgongo unaganda.

Godoro usilibebe kutoka Dar. Linanunuliwa Makambako au Njombe mjini, vipimo hivyo vinajulikana kwa sababu ya shule.

Mafuta: ya mgando, si losheni ya maji. Losheni inakauka dakika kumi, ngozi inabaki na michirizi. Apake mara baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu, na midomo asiilambe, ndipo inapopasuka zaidi.

Na hili mwambie kwa sauti ya mzazi: asikubali kabisa wenzake waingize jiko la mkaa bwenini na kufunga madirisha. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichozibwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu anasikia usingizi tu, haamki. Kichwa kikianza kuuma watu wawili kwa pamoja kwenye chumba chenye moto, wote nje.

Mjasiriamali wa Karume

Majaketi nunua Dar, soko la Karume, mitumba inapofunguliwa asubuhi. Huku hayana wateja wengi, bei inazungumzika. Ukifika Njombe muuzaji anakuona unatetemeka, unadhani atakupunguzia?

Nyanda_za_Juu

Hapo nakubali nusu. Bei ni kweli. Lakini Njombe anachagua kati ya mzigo uliochambuliwa kwa baridi, wenye bitana na kola ya kufunika shingo. Majaketi mengi ya Dar ni ya mvua, membamba, yanapendeza tu. Ukinunua Karume, kagua zipu kuanzia chini hadi juu mara mbili, weka mkono ndani ya mikono yote miwili uone bitana haijachanika, na fua kwa maji ya moto kisha piga pasi kwenye mishono. Rangi iwe nyeusi au bluu nzito, hata Jumamosi haitamletea kesi.

fundi_flashi

Nije kwenye redio. Mkuu, redio yako ni nzima, kadi ndiyo kubwa mno. Kadi zinazozidi GB 32 zinatoka kiwandani zimepangwa kwa mfumo wa exFAT, na redio hizi ndogo zinasoma FAT32. Ikikutana na exFAT inaona kama hakuna kitu. Tafuta kadi ya GB 4 au 8, inatosha sana, nitakuonyesha hesabu.

Ifomati kwenye kompyuta, chagua FAT32. Ukifomati itafuta kila kitu, kwa hiyo nyimbo zihamishe kwanza.

Pili, hakikisha kila faili ni MP3. Nyimbo nyingi zinazoshushwa kwa programu za simu zinakuja kama m4a, na zile za kurekodiwa WhatsApp ni opus. Simu inazicheza zote, redio inaziruka kimyakimya. Kubadilisha jina la mwisho tu kutoka m4a kuwa mp3 hakusaidii, lazima ubadilishe faili lenyewe kwa programu ya kugeuza sauti.

Hesabu: MP3 ya kbps 128 (kipimo cha ubora wa sauti) inakula karibu MB 1 kwa dakika. Safari ya saa 12 ni dakika 720, yaani kama MB 700. Ukitaka ubora wa kbps 320 ni karibu GB 1.7. Kwa spika ya redio ya saizi ya kiganja hutasikia tofauti, weka 128 ulale.

Jambo linalowachanganya watu: redio nyingi za aina hii hazifuati alfabeti, zinafuata mpangilio wa faili zilivyoandikwa kwenye kadi. Ukinakili nyimbo zote kwa mkupuo zinaweza kuchanganyika. Tengeneza mafolda machache, nakili folda la kwanza likamilike ndipo uingize la pili, na majina yaanze na 001, 002. Ukimaliza, toa kadi kwa njia ya usalama kwenye kompyuta. Ukiichomoa ghafla, wimbo wa mwisho unabaki nusu na wakati mwingine redio inaganda ikifika hapo.

Betri: nyingi zinatumia BL-5C, ile ya Nokia za zamani, mAh 1,020. Ukifungulia sauti mpaka mwisho haitavuka Morogoro. Nunua ya akiba.

Kwa simu ya kaka mtu: shusha nyimbo nyumbani, usitegemee mtandao, kwenye milima unakatikakatika. Na aiweke kwenye hali ya ndege. Simu inayotafuta mnara milimani inamaliza chaji kuliko muziki wenyewe. Pawabanki ya mAh 10,000 usiihesabu yote, umeme ukipandishwa kutoka volti 3.7 kwenda 5 na ukitoa upotevu, unabaki na kama 6,000 na kidogo. Simu ya mAh 4,000 itajaa mara moja na nusu.

MzaziMbagala

Aisee fundi, kadi ya GB 8 imesoma mara moja. Asante sana. Sasa mzee mwenyewe nataka nimwekee na dansi la zamani, si hizi za kwao tu. Lakini nyimbo za Mbaraka Mwinshehe nilizopata zinakatika katikati, nyingine inaanzia palepale. Faili mbovu?

Damu_ya_Msondo

Si mbovu, hiyo ni alama ya santuri. Santuri ndogo za mizunguko 45 upande mmoja ulibeba dakika chache tu, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Aliyehamisha santuri kwenda kompyuta kaacha faili mbili. Ziunganishe kwa programu ya kuhariri sauti: weka ya pili mwisho wa ya kwanza, futa ukimya na mkwaruzo wa sindano katikati, sikiliza mapigo ya ngoma yasije yakapishana, kisha hifadhi kama MP3 moja. Usiitupe sehemu ya pili, mara nyingi chemko lote, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, limo humo.

Ukitaka zisizokatwa, tafuta zilizorekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Zile zilikwenda kwenye mikanda, bendi inapiga mpaka ichoke. Hapo utawapata Msondo tangu enzi za NUTA Jazz iliyoanza 1964, na Mlimani Park, Sikinde, iliyoanza 1978. Mwanzo wa wimbo ni wa taratibu, maneno yanasikika, gitaa la solo linajibizana na mwimbaji, halafu tarumbeta zinafungua chemko. Kijana aliyezoea wimbo wa dakika tatu ataboreka mwanzoni. Msimlazimishe, mpangieni kwa barabara.

Asubuhi kutoka Mbezi mpaka Morogoro basi lenyewe linapiga Bongo Fleva na filamu kwa sauti, hedifoni hazifui dafu, muacheni na za kwao. Baada ya Mikumi, watu wakisinzia, wekeni taarabu ya Unguja. Nadi Ikhwan Safaa wapo tangu 1905, kanuni (ala ya nyuzi) na fidla zinakaa vizuri na usingizi wa mchana. Dansi lianze mnapopanda mlima Kitonga. Basi linapanda polepole, kona baada ya kona, na mwendo wa besi wa Sikinde unaendana nalo kabisa. Haya ni maoni yangu, lakini sijaona aliyenipinga.

Nyanda_za_Juu

Kitonga hiyo hiyo ndiyo alama ya sweta. Ruaha Mbuyuni bado joto, mkimaliza kupanda hali ya hewa ni nyingine, na kuanzia Mafinga jua likizama madirisha yanafungwa. Kwa hiyo sweta, mzula na soksi viwe kwenye begi la mkononi, si kwenye tranka chini ya basi. Kila mwaka watoto wanashuka stendi ya Njombe usiku na fulana ya mikono mifupi, nguo zote ziko buti.

Tranka lenyewe: chagua linaloingia chini ya kitanda cha dabodeka, makubwa sana yanaachwa njiani kwenye korido na kuibiwa. Vizito chini na karibu na bawaba: vitabu, viatu, sabuni ya mche. Sabuni ya unga ifungwe peke yake mbali na karanga na sukari, harufu yake inahamia kwenye chakula hata kama haijamwagika. Katikati nguo za shule. Juu kabisa viwe vitu vya usiku wa kwanza: shuka, blanketi, trakisuti, ndala, mswaki, taa ndogo ya sola iliyokwisha kuchajiwa. Atafika kiza, hatakiwi kuanza kupekua.

Jina na namba ya shule yaandikwe kwa rangi ya mafuta kwenye kifuniko na ubavuni, maana yakipangwa safu kifuniko hakionekani. Kufuli mbili zenye funguo tofauti, funguo za akiba zibaki kwa kaka mtu. Kisha livalishwe kiroba na kufungwa kamba, kona za bati zinachana mizigo ya wengine na makondakta wanagomba.

mama_wa_bweni

Na hiyo redio mkuu, piga simu shuleni uulize kabla hajaondoka. Shule nyingine zinazuia chochote chenye spika, nyingine zinaruhusu redio isiyo na laini kwa wikiendi tu. Kama hairuhusiwi, irudi na kaka yake na kadi ikae humo humo, Desemba ataikuta.

MzaziMbagala

Nimepiga. Hairuhusiwi. Itarudi na kaka mtu, boksi la kutandika chini ya godoro ndilo linaenda badala yake.